Ukumbi wa Giga Nane

Jana mchana niliota, tena si kitandani. Niliota kichwa kikiwa juu ya kibodi, saa nane na nusu, wali wa mchana haujashuka vizuri tumboni. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kuniambia ni malaria.

Lakini ndoto hii ina mlango wake, na siwezi kuwaingiza ndani kabla hamjaujua.

Mimi ni Tusekile. Napiga na kuhariri video za harusi na sendofu, zile sherehe za kumuaga binti anayeolewa, hapa Mwanjelwa, Mbeya, chumba cha pili kutoka saluni. Baba yangu, Mzee Ambilikile, hakuipenda kazi hii hata kidogo. Alinipeleka chuo cha uuguzi, nikaacha mwaka wa pili, nikanunua kamera. Akasema, "Sawa," halafu hakusema nami tena kwa miaka minne. Na simaanishi kwamba alininunia kidogo kidogo kama wazazi wengine. Tukikaa mezani, chumvi iko mbele yangu, yeye anamgeukia Mama na kusema, "Mwambie Tusekile asogeze chumvi." Mama ananiambia. Nasogeza. Mikono yetu inapishana shibiri moja, na bado ni Mama aliyepeleka ujumbe.

Mwezi wa tano mdogo wangu Bupe akafanyiwa sendofu, na aliyerekodi ni mimi. Baba akasimama kutoa nasaha. Akafika mahali akasema, "Mimi nina watoto wawili wa kike," na hapo hapo umeme ukakatika. Spika zikazima, feni zikazima. Nikaiacha kamera kwenye stendi inaendelea na betri yake, nikakimbilia jenereta nyuma ya ukumbi, maana jenereta lile lilinijua mimi peke yangu. Niliporudi Baba ameshakaa. Alikuwa amemalizia hotuba kipaza sauti kikiwa kimezimika, huku ukumbi mzima unapiga kelele kuulizia jenereta. Mama alikuwa jikoni. Bupe anasema aliona midomo tu. Wiki tatu baadaye presha ikamwangusha Baba bafuni, tukazika.

Kwa hiyo maneno yale yako sehemu moja tu duniani, kwenye faili la kamera yangu. Na faili lile, kila nikilifungua, linaganda pale pale kwenye "wawili wa kike", dakika ya thelathini na moja.

Sasa mtasema, si ungelikata ukafungua kipande? Hapo ndipo hamuijui kazi yetu. Marehemu Mwalimu Sikujua, aliyenifundisha kuhariri, alikuwa na sheria moja aliyoiandika ukutani kwa rangi ya kucha: nasaha za mzazi hazikatwi. Keki kata. Muziki kata. Wanaokuja mbele na zawadi, kata bila huruma. Lakini mzazi akishika kipaza sauti, unaliingiza faili zima na unaliacha linatembea mpaka atakapokaa mwenyewe. Miaka minne sijawahi kukata hotuba ya mzazi wa mtu, ndiyo nikaanze na ya baba yangu?

Kompyuta yenyewe ni ya zamani, na mfumo wake ni wa zamani. Kuuhama siwezi, kwa sababu programu pekee inayoelewa mafaili ya kamera ile haitaki mfumo mpya. Fundi Gwamaka akaniambia tatizo ni memori. Memori ni kile kijibao cha kijani mle ndani, ambapo kazi huwekwa wakati inafanyika, kama meza ya jikoni. Meza ikiwa ndogo, hupiki vingi. Nilikuwa na giga nne. Jana asubuhi akaniongezea nne nyingine, akafuta mikono, akasema, "Dada Tuse, sasa una nane. Utapaa."

Nikawasha. Kompyuta ikaandika, kwa utulivu kabisa: zilizofungwa nane, zinazotumika tatu na robo.

Nikampigia.

"Aa, huo mfumo wa zamani, dada," akasema. "Hauwezi kuhesabu kupita nne."

"Na hukulijua hilo kabla hujafungua boksi?"

"Nilijua. Nilifikiri labda wako utaweza."

"Na kwa nini ni tatu na robo, isiwe hata hizo nne?"

"Hapo, dada, hata mimi huwa sielewi vizuri." Akakata simu.

Kesho yake, yaani leo hii, ndugu wanakutana nyumbani kumaliza matanga, na Mama ameshawaahidi kwamba watasikia maneno ya mwisho ya mzee. Mimi nilitaka niyasikie kwanza peke yangu. Sikujua kama ni baraka au ni laana, na niliogopa, nasema kweli. Nikafungua faili. Likaganda. Nikafungua tena. Umeme ukakatika. Nikalaza kichwa nisubiri.

Basi nimesimama mlangoni mwa ukumbi. Ni ukumbi ule ule wa sendofu ya Bupe, wenye feni tatu na pazia la zambarau, ila sasa una sehemu nane, na kila sehemu ina viti zaidi ya bilioni moja. Vyote vimeenea. Sikuona ajabu. Niliwaza tu kwamba lenzi yangu haitavichukua vyote.

Mlangoni amekaa mzee mwembamba mwenye shati la sare ya kamati, kitenge kimepauka mabegani. Mbele yake kuna ubao wa swichi za taa, zimepangwa mstari mmoja.

"Kadi," anasema.

"Mimi ndiye mpiga picha."

"Mpiga picha naye ana kadi."

Natia mkono mfukoni, na kweli ninayo. Imeandikwa singo, yaani ya mtu mmoja. Anaitazama kwa muda mrefu, anaigeuza, anainusa.

"Ungekuja na dabo ungepata shida," anasema. "Mimi naitwa Mfumo. Niko hapa mlangoni tangu enzi za vioo vya kompyuta vyenye chogo."

"Shikamoo, Mzee Mfumo."

"Marahaba. Nikupe kiti?"

Anaanza kubonyeza swichi, nyingine juu, nyingine chini. Nazihesabu. Ziko thelathini na mbili. Ananieleza bila mimi kumuuliza, kama wazee wa mlangoni wote. Kila kiti kina mpangilio wake wa swichi. Zote zikiwa chini ni kiti cha kwanza kabisa. Ukipandisha moja ni kingine. Unaendelea kubadilisha hivyo mpaka zote ziwe juu, na hicho ndicho kiti cha mwisho.

"Ni cha ngapi?" nauliza.

"Cha bilioni nne na ushee. Hapo sehemu nne zimeenea kamili."

"Na mtu wa baada ya hapo?"

"Zote ziko juu, mama. Nikupandishie ipi?"

"Si uongeze swichi moja?"

Anautazama ubao, halafu ananitazama mimi, kwa upole tu. "Ubao umejaa," anasema.

Namwonyesha kwa kidole nyuma yake. Sehemu ya tano, ya sita, ya saba na ya nane ziko pale, zinang'aa, viti vingine bado vina plastiki ya dukani. "Na hizo nne?"

"Zipi?"

"Hizo mpya. Gwamaka amezileta leo asubuhi."

Anageuka. Anatazama moja kwa moja viti vile, macho yake yanapita katikati yavyo na kwenda mbali. "Sikatai kwamba zipo," anasema. "Lakini ili nizione, nahitaji namba."

Hapo ndipo nikamwona Baba.

Amesimama sehemu ya tano, mstari wa mbele, amevaa suti yake ya kijivu ile tuliyomzika nayo. Ameshika kipaza sauti. Mdomo unacheza, mkono mmoja unapunga taratibu kama anavyofanya akiwa na jambo zito. Sauti haitoki hata chembe.

"Yule ni baba yangu," namwambia Mzee Mfumo.

"Yupi?"

"Yule anayeongea."

"Yuko sehemu ya ngapi?"

"Ya tano."

"Basi hayupo," anasema, na anavua kofia. "Pole sana, mwanangu."

Nilichukia. Baba yangu nimeshamzika mara moja, kwa udongo mwekundu na mvua inanyesha. Sikuwa tayari kupewa pole ya pili kwa sababu ya upungufu wa swichi. Nikampita mzee yule nikaingia.

Napita sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wamejaa, wanakula. Ghafla viti vina mashuka. Ni vitanda. Niko wodini, chuo cha uuguzi, nimevaa gauni la mwanafunzi linalonibana kwapani, na matroni anakuja na faili mkononi. Matroni ni Mzee Mfumo, amevaa kofia nyeupe.

"Mwanafunzi Tusekile, umechelewa miaka minne," anasema. "Kampime presha mgonjwa wa kitanda cha tano."

Naangalia. Kitanda cha kwanza kipo, cha pili kipo, cha tatu, cha nne. Baada ya cha nne kuna ukuta.

"Kitanda cha tano hakipo, matroni."

"Najua. Kapime."

Nafanya nini? Nachukua kile kitambaa cha mashine ya presha, nakifunga hewani, pale ambapo mkono wa mtu ungekuwa. Napuliza. Kinajaa vizuri, kinabana kitu. Mshale unapanda, unatetemeka, unatulia. Nasoma tatu na robo. Naandika tatu na robo. Matroni anaweka tiki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nafaulu mtihani wa uuguzi. Nilifurahi, halafu nikashindwa kuelewa kwa nini nafurahi wakati mgonjwa simwoni.

Nainua kichwa, niko ukumbini tena, sehemu ya nne.

Hii nayo ina mambo. Robo yake imekaa watu. Robo tatu nzima ni viti vitupu, vimefungwa utepe wa zambarau wenye kikaratasi kilichoandikwa "Kamati". Mbele yake ni meza kuu, na katikati ya meza kuu amelazwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, amepambwa nyanya shingoni na majani mdomoni.

Kwa kuwa amekaa meza kuu, nikamwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba," ndafu anasema, bila kutema majani. "Karibu. Usikate bado."

"Sikuja kukata. Nauliza tu, hivi viti vitupu vya nani?"

"Vyangu."

"Vyote?"

"Vingi. Mimi ndiye ninayeleta picha kwenye kioo chako. Nikinuna mimi, unatazama giza. Vile vya pembeni ni vya sauti, vya printa, vya kibodi, na yule mausi ana vyake viwili vitatu pale nyuma. Sisi ni kamati. Hatukujengewa sehemu yetu, kwa hiyo tumewekewa kwenye namba zile zile za wageni, tunaanzia mwisho tunarudi nyuma."

"Lakini hamjavikalia."

"Kamati haikai," ndafu anasema. "Kamati inawekewa."

"Na wageni waliokuwa na namba hizo?"

"Wako chini ya viti."

Nikainama. Kweli, wako chini, wamejikunyata na suti zao na magauni yao ya kung'aa, mamilioni kwa mamilioni. Mama mmoja mwenye kilemba cha dhahabu akanitazama. "Hatujambo," akasema, ingawa sikumuuliza.

Nikasimama nikapiga hesabu kwa vidole. Sehemu nne, toa robo tatu ya kamati. "Kumbe ndiyo tatu na robo."

"Ndiyo tatu na robo. Fundi wako hajui?"

"Alisema haelewi vizuri."

"Ni mkweli huyo," ndafu anasema. "Mtunze."

Nikavuka kwenda sehemu ya tano. Mguu wangu ukikanyaga kule hautoi mlio. Nikakohoa, sikujisikia. Nikasema jina langu mwenyewe, halikufika masikioni. Nikaendelea kutembea hadi mbele ya Baba.

Ameshakaa sasa. Kando yake kuna kiti kitupu, na juu ya kiti kile ameweka kofia yake, kama anavyomwekea mtu nafasi kanisani. Mezani kuna kibakuli cha chumvi, na kibakuli kimefunikwa na kitu cheusi cha duara. Nikakitambua. Ni kifuniko cha lenzi yangu, kile kilichopotea siku ya sendofu, chenye mkwaruzo pembeni kwa sababu nilikiangusha Tukuyu. Nilikitafuta wiki nzima kifuniko kile, hadi nikawashuku watu wa keki.

Baba hanitazami. Anageuka upande mwingine, upande ambao Mama hukaa, anafungua mdomo. Nasoma midomo: "Mwambie Tusekile." Halafu anasita. Mama hayupo. Anautazama upande ule mtupu. Nami nimesimama mbele yake, hatua moja, nasubiri mtu wa kuniambia, na hakuna mtu.

Jamani, miaka minne nilikuwa nimezoea. Nilikuwa nimeshajiambia hainiumi. Inauma.

Nikarudi mbio mlangoni.

"Mzee Mfumo, nibadilishie. Toa watu wowote kule mbele, muweke baba yangu. Ninakuomba."

"Kubadilisha kunaruhusiwa," anasema. "Mmoja atoke, mmoja aingie, hiyo ndiyo kazi yangu kutwa. Hotuba yake ina ukubwa gani?"

"Faili zima ni saa mbili na nusu. Limeunganika."

Anabonyeza swichi, anakuna kidevu, anabonyeza tena. "Haiingii. Unataka kupitisha mgonjwa akiwa na kitanda, na wodi, na chuo."

"Nimeongeza memori ndiyo maana."

"Umeongeza viti nisivyoviona. Kila mtu anakuja hapa amebeba magiga. Hakuna hata mmoja anayekuja na kisu."

"Kisu cha nini?"

"Kukata. Dakika moja moja ingepita hapa hata kwa viti vichache. Ingepita jana, ingepita mwezi wa tano. Sijaulizwa tu."

"Nimkate baba yangu?"

"Hotuba, mama. Baba yako mimi hata simwoni."

"Nasaha za mzazi hazikatwi," nikamwambia. Nikajisikia namnukuu Mwalimu Sikujua, na sauti ikawa yake kabisa, ya sigara.

Mzee Mfumo akavaa kofia yake vizuri. "Usipozikata wewe," akasema, "zimekatika pale kwenye wawili wa kike."

Nilipotafuta jibu nikajikuta jikoni nyuma ya ukumbi, mbele ya meza ndefu, mkononi nina kisu cha keki cha Bupe kilichofungwa utepe. Juu ya meza imelazwa hotuba. Ni kitu kirefu cha kijivu, laini, rangi ya suti ile, kimeenda kimepita dirishani. Ukiweka sikio karibu kinavuma kidogo. Nalia, na bado nakata. Dakika ya thelathini na moja. Dakika ya thelathini na mbili. Haikutoka damu. Haikulia. Ilikatika kama mkate wa kumimina, na kila kipande kilibaki kizima.

Nikaweka dakika ya thelathini na mbili kwenye sahani, nikaifunika kwa sahani nyingine, namna tunavyomtunzia chakula mtu aliyeko kazini. Nikaibeba hadi mlangoni. Mzee Mfumo akabonyeza swichi zake thelathini na mbili, bila haraka, na kule mbele mgeni mmoja akasimama, akajifuta mdomo, akaondoka zake.

"Kiti kimepatikana," mzee akasema. "Keti, ule."

Nikakaa. Nikashika sahani ya juu nifunue.

"Haina chumvi hiyo," ndafu akasema kutoka meza kuu.

Nikajua chumvi iko wapi. Nikasimama nikarudi sehemu ya tano, miguu haitoi mlio. Nikachukua kifuniko cha lenzi kutoka juu ya kibakuli, nikakitia mfuko wa gauni. Halafu, badala ya kuondoka na chumvi, mkono wangu ukafanya kile ulichozoea miaka yote. Nikakisogeza kibakuli mbele ya Baba. Hakuna aliyeniambia nisogeze.

Akatazama chumvi. Akaniinulia macho. Akafungua mdomo, na feni zote tatu zikaanza kuzunguka.

Ilikuwa feni ya kompyuta. Umeme umerudi. Shavuni nina alama za vibonye, udenda umefika kwenye herufi ya J, na dirishani jua bado ni la saa tisa. Kwenye saluni ya jirani wanamcheka mtu.

Nilikaa sijui muda gani nikiwa sielewi niko upande upi wa ukumbi. Kioo kikawaka, kikaniambia tena zilizofungwa nane, zinazotumika tatu na robo. "Najua," nikakiambia. "Kamati."

Kisha nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya. Sikuliingiza faili zima. Programu ina sehemu ya kuchukua kipande tu, kuanzia dakika fulani kuishia dakika fulani, nimeitumia mara elfu kwa keki na muziki. Nikaandika thelathini na moja, nikaandika thelathini na tatu. Nikamwomba radhi Mwalimu Sikujua. Nikabonyeza.

Haikuganda.

"Mimi nina watoto wawili wa kike," Baba anasema. Kipaza sauti kinakata. Kelele zinaanza, mtu anaita jenereta, naona mgongo wangu mwenyewe unapita pembeni mwa picha, mbio. Baba anakigonga kipaza sauti kwa kidole. Anakitazama. Anatazama ukumbi, anaona hakuna anayemsikiliza. Ndipo anaweka kipaza sauti chini na kugeukia kamera, karibu, hadi uso unajaa kwenye picha.

"Afadhali kimezima," anasema. "Wawili. Mmoja mnampeleka leo kwa mume. Wa pili alishakwenda, na mimi sikumsindikiza." Anaweka sawa kofia kichwani. "Miaka minne naomba chumvi kwa watu wengine. Chumvi iko mbele yake, naiomba kwa wengine. Tusekile."

Anasubiri. Anaitazama lenzi hivi, jicho kwa jicho, kama mtu anayejua niko nyuma yake. Nami wakati ule nilikuwa nje navuta kamba ya jenereta na kulitukana.

"Tusekile, naomba chumvi."

Anasubiri tena. Nikaona mkono wangu hapa studio umenyooka wenyewe kwenye kioo.

Mwishowe ananyoosha mkono mwenyewe. Pale mezani karibu na stendi ya kamera kuna kibakuli cha chumvi, na kando yake kuna kifuniko cha lenzi yangu, mahali nilipokiacha. Anavichukua vyote viwili, anarudi navyo kwenye nafasi yake. Anavua kofia, anaiweka juu ya kiti kitupu cha pembeni. Anakifunika kibakuli kwa kifuniko cha lenzi, anakigonga mara mbili kwa kidole ili kikae.

"Basi," anasema. "Ataikuta." Na anakaa.

Niliirudia dakika ile mara nne. Mara ya tano nikawa sioni, nikatia mkono mfuko wa gauni kutafuta leso.

Leso haikuwamo. Nilitoa kifuniko cheusi cha duara, chenye mkwaruzo wa Tukuyu pembeni. Kwa ndani, kwenye ukingo, kulikuwa na punje kadhaa nyeupe. Nilizilamba, ndiyo, mniseme mnavyotaka. Zilikuwa chumvi.